Padri amekataa tufunge ndoa Jumamosi ya Pasaka: ni sheria au ni yeye?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Kongowea hapa Mombasa, mchumba wangu ni wa Likoni, ng'ambo ya feri, sote Wakatoliki. Tulipanga kufunga ndoa Jumamosi tarehe 27 Machi 2027, saa kumi jioni, kwa sababu Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ni likizo, na jamaa zetu wa bara wangekuja bila kuomba ruhusa kazini. Paroko amekataa katakata. Anasema tukitaka Jumamosi inayofuata, tarehe 3 Aprili, atatufungisha, lakini kwa Misa ya siku, si Misa ya Ndoa. La sivyo tungoje tarehe 10 Aprili, na iwe asubuhi. Mama anasema tuachane na huyo padri na mambo yake, twende Agosti tarehe 14, shule zikiwa likizo. Nyanya naye anasema zamani Kanisa lilikuwa linafungwa wiki na wiki, hakuna kuoana. Tushike la nani? Na hii ni sheria, au ni padri tu na ukali wake?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni sheria. Paroko wako pengine ana ukali wake, wengi wanao, lakini katika hili amekujibu sawasawa, tena amekupa njia mbili ambazo hakulazimika kukupa siku hiyo hiyo.

Tuanze na jina. Siku unayoiita Jumamosi ya Pasaka ni Jumamosi Kuu. Pasaka inaingia usiku, kwa Mkesha. Mchana kutwa Kristo yuko kaburini na Kanisa limekaa matanga. Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu hatuadhimishi sakramenti, ila Kitubio na Mpako wa Wagonjwa, na kitabu cha ibada ya ndoa kinasema wazi kwamba siku hizo mbili ndoa iepukwe kabisa. Kwa hiyo usije ukamwambia, "Basi Padri, tufungishe bila Misa." Hata bila Misa haifai.

Njoo kanisani kwetu Jumamosi Kuu hiyo saa kumi jioni uliyoitaka, ujionee. Altare iko tupu kama meza ya nyumba iliyohamwa: hakuna kitambaa, hakuna mshumaa, hakuna ua. Mlango wa tabernakulo uko wazi na taa yake imezimwa. Nje, sakristani anapanga kuni za moto wa Mkesha na kuwafukuza watoto. Ndani, kwaya inagombania maikrofoni, wakatekumeni, wale watakaobatizwa usiku huo, wanafanya mazoezi ya kuinama kwenye birika la ubatizo, na mama mmoja amekaa sakafuni akitoboa vipande vya karatasi vya kuvisha mishumaa midogo, nta isichome watu vidole. Hapo ungemwingiza bibi arusi apitie wapi?

Sasa tarehe 3 Aprili. Kalenda ya liturujia ina ngazi. Misa ya Ndoa ni Misa yenye sala zake na masomo yake, lakini si ya ngazi ya juu. Ikikutana na siku kubwa inapisha. Siku inazozipisha ni Dominika za Majilio, za Kwaresima na za Pasaka, sherehe zote (yaani sikukuu za ngazi ya juu kabisa), Jumatano ya Majivu, siku za Juma Kuu, siku nane za oktava ya Pasaka, na tarehe 2 Novemba tunapowaombea marehemu wote. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, kwa hiyo Jumamosi tarehe 3 Aprili iko ndani ya oktava. Mnaweza kufunga ndoa, mtabadilishana ahadi na pete, na baraka ya maarusi mtapewa. Ila sala na masomo ni ya siku hiyo: Matendo ya Mitume sura ya 4, Petro na Yohane mbele ya Baraza, halafu Injili ya Marko sura ya 16, pale Yesu anapowakemea wanafunzi kwa ugumu wa mioyo. Ni Misa nzuri, mavazi meupe, Utukufu unaimbwa. Na kwa siku kama hiyo unaweza kumwomba padri somo moja litolewe katika masomo ya ndoa. Hilo linaruhusiwa, ila si siku zote kubwa. Krismasi au Pentekoste, kwa mfano, usiliombe.

Nalisema hili nikiwa nimeumwa na nyoka. Mwaka 2015 nilikuwa nikiandika shajara ya ndoa, daftari la parokia la kuandikia tarehe za maarusi, na kwa uzembe wangu niliwapa maarusi Jumamosi tarehe 15 Agosti bila kufungua kalenda. Niliona tu nafasi iko wazi. Ni sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Kadi zikachapishwa, vijitabu vya Misa vikachapishwa, dada wa bwana arusi akakariri 1 Wakorintho 13 mpaka akawa hahitaji kuangalia karatasi. Asubuhi yenyewe padri akafungua kitabu cha masomo, akaniangalia, hakusema neno. Yule dada akapanda mimbarini na gauni lake la rangi ya pichi kusoma Ufunuo: mwanamke mwenye utungu wa kuzaa, na mbele yake joka kubwa jekundu lenye vichwa saba na pembe kumi. Shangazi mmoja wa upande wa bibi arusi aligeuka kumtazama mama mkwe. Watu walicheka mpaka wakasahau kuitika "Tumshukuru Mungu." Ndoa ni halali na watoto wapo, lakini mimi tangu siku hiyo siandiki jina la mtu kwa kalamu ya wino kabla ya kuangalia kalenda.

Tarehe 10 Aprili ndiyo ningekushauri, na hapa saa ina uzito kuliko tarehe. Jumamosi hiyo ni siku ya kawaida ndani ya kipindi cha Pasaka, oktava imekwisha, kwa hiyo asubuhi Misa ya Ndoa ni yenu yote. Lakini Dominika haianzi saa sita usiku kama tarehe ya simu. Huanza jioni ya Jumamosi, na parokia nyingi huihesabu jioni kuanzia saa kumi. Saa kumi jioni tarehe 10 mtakuwa mmeingia Dominika ya tatu ya Pasaka, na Dominika za Pasaka Misa ya Ndoa inapisha. Ndiyo maana Padri alisisitiza asubuhi. Hakuwa anakimbilia chakula cha mchana.

Msomaji wenu ajue pia kwamba katika kipindi cha Pasaka somo la kwanza la Misa ya Ndoa hutolewa kitabu cha Ufunuo, sura ya 19: heri walioalikwa karamu ya arusi ya Mwana-Kondoo. Ni Ufunuo tena, ila hapa hakuna joka. Wakorintho 13 inaweza kubaki somo la pili, na Kana ya Galilaya ikawa Injili.

Shida ya asubuhi ni yenu wa pande mbili za maji. Kama Misa ni Kongowea saa nne, msafara wa bwana arusi usijidanganye kwamba utatoka Likoni saa tatu. Feri haimjui bwana arusi. Mimi huwaambia wavuke alfajiri, suti zikiwa kwenye mifuko, wakanywe chai kwa jamaa wa upande wa kisiwani, wavalie huko. Au geuzeni: ndoa ikafungwe Likoni. Kanuni ya 1115 ya Sheria za Kanisa inaruhusu parokia ya mmoja wenu, yeyote. Mkitaka kanisa la tatu, tuseme Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu pale Barabara ya Nkrumah kwa sababu picha zinatoka vizuri, mtahitaji ruhusa ya paroko wenu. Ufukweni hapana. Kanuni ya 1118 inataka ndoa ya Wakatoliki wawili ifanyike kanisani, na mahali pengine ni kwa kibali cha askofu, na sijaona kibali kikitolewa kwa sababu ya mawimbi. Nendeni Nyali mkapige picha baadaye, na ulizeni wavuvi maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa saa hiyo.

Kuhusu Agosti ya mama yako. Mwambie kwa adabu, kwa sababu hoja yake ya likizo ya shule ina maana. Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 2027 kalenda haina kizuizi. Ni kumbukumbu ya Mtakatifu Maksimiliani Kolbe, na kumbukumbu haizuii Misa ya Ndoa. Jioni ndipo kuna mkesha wa Kupalizwa, ile ile sherehe yangu ya joka, ambayo mwaka huo inaangukia Jumapili. Lakini kuna kalenda nyingine ambayo haichapishwi na Kanisa. Katiba yetu inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, na mwaka 2027 hiyo ni tarehe 10. Siku nne baadaye unataka shangazi wa bara awe kwenye basi la Mombasa? Wengine watakuwa wamesafiri kupiga kura walikojiandikisha, wengine hawatatoka nyumbani mpaka wasikie matokeo, na utamlipa mpishi chakula cha watu mia tatu ule na watu themanini.

Na hoja ya Pasaka kwamba jamaa watakuwa na likizo, ni kweli, ila likizo hiyo ni ya Wakenya wote. Tiketi za treni ya SGR zinagombaniwa, hoteli zinapandisha bei, na chumba cha kulala wageni Bamburi kinakuwa cha bei ya mfalme. Wiki mbili baadaye kumetulia. Masika tu ndiyo yaogopeni: Aprili mvua inaingia pwani, kwa hiyo ukumbi uwe na paa la kweli. Turubai la bustanini nimeliona likimwaga ndoo nzima ya maji juu ya keki.

Nyanya yako hajakosea, anakumbuka sheria iliyopita. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilikataza baraka kuu ya maarusi kuanzia Dominika ya kwanza ya Majilio hadi Krismasi, na kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka. Ndoa yenyewe ingeweza kufungwa, ila kimyakimya, na nani alitaka harusi ya kimyakimya? Watu wakasema Kanisa limefungwa. Siku hizi Kwaresima haikatazi ndoa, ila padri anatakiwa awakumbushe maarusi kwamba ni siku za toba: altare haipambwi maua, kinanda kinapigwa kusindikiza uimbaji tu, na nderemo ziwe na kiasi. Parokia nyingi zimeamua kutofungisha kabisa kipindi hicho, na mimi sioni ubaya. Kwaresima ya 2027 inaanza tarehe 10 Februari, na Ramadhani ya mwaka huo inatarajiwa kuingia siku hizo hizo kwa mwandamo wa mwezi. Hapa Mombasa, ambapo fundi wa pilau mara nyingi ni jirani yako aliyefunga, kumsimamisha juu ya sufuria mchana kutwa asionje hata chumvi si jambo la kupendeza.

Basi hesabuni kurudi nyuma kutoka tarehe 10 Aprili. Matangazo matatu ya ndoa yanaweza kusomwa Dominika za tarehe 28 Februari, 7 Machi na 14 Machi, katika parokia zote mbili, ili mwenye pingamizi aseme mapema na Dominika ya Matawi isiguswe. Kabla ya hapo muwe mmemaliza mafundisho ya ndoa. Vyeti vya ubatizo viwe vipya, vilivyotolewa ndani ya miezi sita, hata kama ulicho nacho ni kizuri na umekilaminisha; padri hatafuti tarehe ya ubatizo wako, anatafuta maandishi ya pembeni kwenye daftari yanayoonyesha kama uliwahi kufunga ndoa. Kama mmoja wenu alibatizwa bara, agizeni sasa, kwa sababu makarani wa huko nao wana foleni zao. Barua ya Jumuiya Ndogo Ndogo, waumini wa mtaa wenu wanaosali pamoja, msiisahau, na kama hamhudhurii, anzeni wiki hii kabla mwenyekiti hajauliza ninyi ni akina nani. Mje na vitambulisho pia, kwa kuwa padri anawafungisha kwa Sheria ya Ndoa ya 2014 vilevile, na hati mtakayotia sahihi ni ya serikali.

Ukumbi msilipie hata shilingi ya kushikia nafasi mpaka jina lenu liwe kwenye shajara ya parokia, pamoja na saa. Nendeni kwa paroko Jumanne, si Jumatatu. Jumatatu mapadri wengi wanapumzika, na utakayemkuta ofisini ni mtu kama mimi, na shajara ya mwaka wa kesho huwa imefungiwa kabatini.