Kosa Litajwe Wazi, Mtu Asiguswe

Swali lenu la wiki hii limeuliza iwapo makundi ya mtandaoni yanayokusanya watu wa nchi na malezi tofauti yapige marufuku lugha kali, au yamwachie kila mtu aseme kama walivyozoea kusema kwao. Nimekuwa mfasiri na mhariri katika makundi ya namna hiyo kwa muda mrefu, na naona kwamba ukali wa maneno si jambo la kwanza la kutazamwa. La kwanza ni kile kinachopigwa na maneno hayo: ni kazi iliyokosewa, au ni mtu aliyeifanya? Kundi linalokataza ukali wote hufukia makosa chini ya salamu na shukrani, na kundi linaloruhusu ukali wote hubaki na wachache waliozoea kutukanana, ambao baada ya muda huanza kuamini kwamba walioondoka hawakuwa na uwezo.

Kisa kinachofundisha zaidi katika jambo hili ni cha Linux, mfumo endeshi, yaani programu inayoiongoza kompyuta au simu, ambao kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android. Linus Torvalds alianza kukiandika kiini hicho mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Finland, na leo kinajengwa na maelfu ya waandishi wa programu wa mabara yote, ambao wengi wao hawajapata kuonana uso kwa uso na huandikiana kwa Kiingereza ambacho si lugha waliyozaliwa nayo. Kwa miaka mingi Torvalds alijulikana kwa kuwashushua hadharani waliomletea kazi mbovu, akiacha kuisema kazi na kuwatukana wao wenyewe. Mwaka 2013 mhandisi mmoja wa kampuni ya Intel alimtaka mbele ya wote aache mtindo huo. Torvalds alikataa, akajitetea kwamba adabu ya kiofisi huzaa unafiki na majungu, na kwamba ni heri watu wajue wazi anachofikiri. Miaka miwili baadaye mhandisi huyo alitangaza kwamba ameiacha kazi ya kiini cha Linux kwa sababu ya namna watu walivyosemeshana. Kisha, Septemba 2018, Torvalds mwenyewe aliomba radhi, akakiri kwamba mashambulizi yake katika barua pepe hayakustahili, na akajiweka kando kwa wiki kadhaa ili asaidiwe kuelewa hisia za watu. Wakati huohuo mradi ulipitisha kanuni mpya za maadili.

Walikuwapo waliotabiri kwamba ubora wa programu ungeporomoka kwa sababu hakutakuwa tena na wa kuwakemea wazembe. Haukuporomoka. Matoleo mapya ya kiini cha Linux yanaendelea kutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na kazi mbovu inakataliwa hadharani, tena bila kubembelezwa. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko mahubiri yoyote ya adabu, kwa sababu unaonyesha kwamba kilichokuwa kikiulinda ubora ni ukaguzi, na kwamba matusi yalikuwa yakitembea na ukaguzi huo bila kuusaidia. Hata hivyo, sehemu moja ya utetezi wa Torvalds ina ukweli ambao sisi watu wa Afrika Mashariki, hasa tuliolelewa katika adabu za pwani, tunapaswa kuusikiliza kwa makini: heshima inayoficha kosa inaweza kudhuru kuliko karipio.

Nimeyaona hayo katika kundi letu la wafasiri wa kujitolea wa maandishi ya afya. Tulikuwa tukitayarisha kipeperushi cha kuwaelekeza wazazi namna ya kumtengenezea mtoto anayeharisha maji ya chumvi na sukari. Kipimo kinachojulikana ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Rasimu ilikuja na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi, yaani mara sita ya kipimo, kiasi ambacho ni hatari kwa mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji mwilini. Aliyeifasiri alikuwa kijana wa wazazi wa Bukavu aliyekulia Uholanzi. Mzee wetu mmoja wa Unguja, ambaye sote humwita Maalim, aliliona kosa mapema, akaandika: “Mwanangu, kazi imependeza, Mungu akuzidishie. Ukipata nafasi, hebu tupatazame tena hapo penye chumvi.” Kijana alijibu, “Ahsante sana, Maalim, nimefarijika,” na hakugusa kitu. Siku iliyofuata muuguzi mmoja wa Nairobi aliingia bila salamu: “Chumvi hii itaua mtoto. Nani amepitisha upuuzi huu?” Kipeperushi kilisahihishwa saa ileile, na kijana akanyamaza kwa majuma kadhaa.

Wapo waliomlaumu muuguzi, na wapo waliosema kwamba Maalim ndiye aliyekosea. Mimi naona kwamba sentensi mbili za muuguzi hazina hukumu moja. Ya kwanza ni kali, tena ni ukali uliohitajika, kwa kuwa inataja kosa, inataja madhara yake na haimgusi mtu yeyote. Ya pili haikuongeza hata chembe ya maarifa. Ilikuwa inatafuta mtu wa kuaibishwa, na aliyeaibika ndiye yuleyule ambaye kundi lilimhitaji kwa kazi iliyofuata. Kuhusu Maalim, mtu aliyelelewa Unguja angemwelewa papo hapo. Mzee wa umri wake hakuiti urudi kwenye jambo bila sababu, na kule kuitwa “mwanangu” kabla ya kuonyeshwa mahali ni onyo tosha. Kwa kijana ambaye amekua akiambiwa mambo waziwazi, sentensi hiyo ilikuwa ni sifa yenye ombi dogo nyuma yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya kati yao, na bado mtoto wa mtu angeweza kufa.

Mara nyingi wenzangu wa Tanzania hunijibu kwa kunikumbusha utani. Husema kwamba sisi ni watu wa kuambiana makali: Mchaga na Mpare, Mngoni na Mhehe hutupiana maneno ambayo mgeni angeyadhania kuwa ni ugomvi, na mtani anaweza hata kuvuruga shughuli za msiba asikasirikiwe na mtu. Ni kweli, lakini utani una mipaka inayojulikana na pande zote. Mtani wako unamjua kabla hajafungua kinywa, na jamaa waliosimama pembeni wanajua pia, kwa hiyo neno lake haliwezi kushusha hadhi yako mbele yao. Katika kundi la mtandaoni hakuna aliyekubaliana na mwenzake kuwa mtani. Anayesoma kwa lugha yake ya pili au ya tatu hana njia ya kujua kama neno zito limetiwa chumvi. Hulipokea kwa uzito uleule lililoandikwa nao.

Kuna upande mwingine ambao sipendi usahauliwe, nao ni kwamba wito wa staha hutumiwa pia kuwafunga watu midomo. Nchini Uganda, Stella Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, alikamatwa Aprili 2017 baada ya kumfananisha Rais Museveni, katika ukurasa wake wa Facebook, na kiungo cha mwili ambacho watu hawakitaji mbele ya wakwe. Nyuma ya tusi hilo kulikuwa na hoja ambayo ilikuwa imeshasemwa kwa upole bila kujibiwa: wasichana wa shule waliahidiwa taulo za hedhi wakati wa kampeni, na serikali ikaja kusema haina fedha. Mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa maandishi mengine, na Februari 2020 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu hiyo. Nyanzi hakuizua mbinu hiyo. Katika miaka ya 1940 wanaharakati wa Buganda walizivunja kwa makusudi kanuni za adabu mbele ya Waingereza na machifu wao, kwa sababu adabu yenyewe ilikuwa nguzo ya utawala. Kwa hiyo tusi la mnyonge kwa mtawala sitalipima sawa na tusi la msimamizi wa kundi kwa mgeni aliyejiunga juzi, hata kama maneno ni yaleyale. Wasimamizi wanaofuta malalamiko kwa kisingizio cha “lugha isiyo ya staha” wajiulize kwanza kama mlalamikaji hakuja kwa upole mara tatu akapuuzwa.

Baada ya kisa cha chumvi, kundi letu lilikubaliana jambo moja dogo. Yeyote anayeona kosa linaloweza kumdhuru msomaji huanza ujumbe wake kwa neno “Hatari”, halafu hutaja mahali penye kosa, sababu, na namna sahihi. Salamu si lazima hapo, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza nani amekosea. Kwa makosa mengine yote, kila mtu husema kwa adabu za kwao, mradi ataje sentensi anayoizungumzia. Utaratibu huu umemfaa Maalim kuliko mtu yeyote, kwa sababu umempa ruhusa ya kusema jambo waziwazi bila kujiona amemvunjia heshima mwenzake. Tunaposhindwa bado ni kwa wageni. Kanuni tumezibandika juu ya ukurasa na wengi hawazisomi, kwa hiyo mwezi huu tumeanza kumpa kila anayejiunga mwenyeji mmoja wa kumweleza kanuni hizo, na kumwuliza yeye pia watu wa kwao huambianaje wanapokosea.