Galaxy S10e: kabla ya kuuliza rangi, soma namba ya modeli

Mkuu, umeuliza uchukue ipi kati ya S10e zenye namba SM-G970F, SM-G970U na SM-G9700, maana kwa macho zote ni ile ile. F na 9700 nimezitumia mwenyewe, U anayo ndugu yangu na mimi ndiye fundi wake wa bure. Kwa ufupi: chukua 9700 kama unataka simu ya kutumia tu, F kama unapenda kuchokonoa mfumo wa simu, na U kama bei ndiyo inakuvuta na umeshahakikisha haijafungwa kwa mtandao mmoja.

Yanayofanana niyapitie haraka. Ilitoka 2019, kioo inchi 5.8 kisichokunjika pembeni, gramu 150, betri 3100 mAh, RAM GB 6 kwa ile ya GB 128 na GB 8 kwa ile ya GB 256. Tundu la hedifoni lipo. Alama ya kidole inasomwa kwenye kitufe cha pembeni, na mpaka leo naona ni bora kuliko ile ya chini ya kioo waliyopewa S10 na S10+.

Tofauti kubwa iko kwenye prosesa. F inatumia Exynos 9820 ya Samsung wenyewe, ya nanomita 8 (kipimo cha udogo wa vipande vya ndani ya prosesa). U na 9700 zina Snapdragon 855 ya Qualcomm, ya nanomita 7. Watu hubishana sana juu ya hizo nanomita, lakini mimi naona tatizo ni vile viini (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) viwili vikubwa vya Exynos ambavyo Samsung walivibuni wenyewe: ukivibana kwa kazi nzito vinakula umeme vibaya. Kwenye S10+ yenye betri ya 4100 mAh unaweza usijali. Kwenye hiki kisimu kidogo lazima utajali. F yangu nikiwasha data na ramani kwa pamoja, au nikiongea kwa video, inapata joto upande wa kamera na jioni natafuta chaja. 9700 kwa matumizi yale yale inanifikisha usiku. Zote niliziwekea betri mpya kabla ya kuanza kuzitumia, kwa hiyo usiseme ni uchakavu. Kwa kasi ya kawaida, kufungua programu na kuvinjari, huwezi kuzitofautisha, na atakayekuambia F ni nzito anakutania.

Suala la laini. 9700 inachukua laini mbili. F zipo za laini moja na za laini mbili, ile ya mbili huandikwa SM-G970F/DS. Kwa hizo za laini mbili, nafasi ya pili ndiyo hiyo hiyo ya memori kadi, kwa hiyo unachagua kimoja. U ni ya soko la Marekani na ina laini moja tu. Nyingi ziliuzwa kupitia kampuni za simu za huko, na hapo ndipo kwenye kesi: muuzaji anakuambia "inasoma laini zote" kumbe ipo kwenye Wi-Fi. Weka laini yako mwenyewe, piga simu, washa data, ndipo utoe hela.

Halafu programu. Android 12 ndiyo ya mwisho kutoka Samsung kwa S10e zote, na masasisho ya usalama yaliisha 2023. Hapa ndipo F inapolipiza kisasi: butiloda yake (programu ya kwanza inayoamua simu iwake na mfumo gani) inafunguka, na LineageOS, mradi wa Android usio wa Samsung, wanaihudumia rasmi, kwa hiyo unaweza kupanda Android mpya zaidi. U butiloda imefungwa, sahau. Ila ujue, ukishaweka mfumo usio wa Samsung, Knox, ulinzi wa ndani wa Samsung, inaungua moja kwa moja. Secure Folder, ile folda ya siri ya Samsung, haitarudi hata ukirudisha mfumo wa kiwandani.

Jambo la mwisho, na nadhani ndilo muhimu kwa simu ya mtumba. Usiamini maandishi ya mgongoni. Mgongo wa hii simu ni kioo, huvunjika, na fundi hubandika wowote alionao. Nimeshaletewa moja ambayo mgongo unasema F/DS, ukifungua "Kuhusu simu" kwenye mipangilio inasema U. Hata hapo kwenye mipangilio kuna wajanja wanaobadilisha. Zima simu, bana kitufe cha Bixby (kile kilicho chini ya vitufe vya sauti) na cha kupunguza sauti kwa pamoja, kisha chomeka waya uliounganishwa na kompyuta. Likija onyo, bonyeza kuongeza sauti. Juu kushoto kwenye maandishi madogo utaona namba ya modeli, hali ya butiloda, na mstari wa Knox: 0x0 haijachokonolewa, 0x1 imeshapitiwa. Kutoka hapo, shikilia kupunguza sauti na kitufe cha kuwasha mpaka izime.

Muuzaji akikataa usifanye hivyo mbele yake, ondoka. Akikubali, piga picha hiyo skrini uiweke hapa, nikuangalizie kama inaendana na bei anayotaka.