Muhtasari wa tamthilia si uhakiki

Ndugu yangu, umeuliza kama muhtasari wa kipindi unatosha kuitwa uhakiki. Hautoshi. Muhtasari humweleza aliyekosa kipindi, pengine kwa sababu umeme ulikatika hapa Dodoma, nani alifanya nini. Uhakiki hupima kama tukio hilo lilistahili kutokea. Katika tamthilia ndefu kama Jua Kali ya chaneli ya Maisha Magic Bongo, mimi huangalia kwanza iwapo uamuzi wa mhusika unatokana na tabia tuliyokwisha kuonyeshwa. Vichekesho ni vigumu zaidi, kwa kuwa mzaha ukisimuliwa hufa. Hapo eleza kinachochekwa ni nini hasa, maana mhusika anayechekesha kwa lafudhi ya Kigogo, lugha ya Wagogo wa Dodoma, pekee hajaandikiwa chochote, na sisi wa huku jambo hilo linatuumiza. Mwisho wa kipindi usiutaje kwenye kichwa cha andiko.