Tarehe ya kuzaliwa na jina kwenye DD 214: lipi ni kosa na lipi ni badiliko

SWALI: Wakili, nilizaliwa Kenya na mwaka 2014 nilijiunga na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kupitia mpango wa MAVNI, ambao ulikuwa ukiandikisha wageni wanaozungumza lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwemo. Nilimaliza utumishi kwa heshima mwaka 2018. Hivi karibuni, nilipoomba mkopo wa nyumba unaodhaminiwa kwa askari wa zamani, niliona kwamba fomu yangu ya DD 214, ile anayopewa askari anapoondoka jeshini, inasema nilizaliwa tarehe 3 Julai 1988, ilhali nilizaliwa tarehe 7 Machi mwaka huo. Tena fomu ina jina la baba yangu, nami tangu nilipoolewa mwaka 2019 natumia jina la mume wangu. Mwenzangu mmoja amenishauri nijaze fomu ya DD 293 ili yote yabadilishwe kwa pamoja. Je, hiyo ndiyo njia?

JIBU: Hapana, dada. DD 293 ni ya askari anayetaka sababu au hadhi ya kuondoka kwake jeshini ipitiwe upya, na wewe uliondoka kwa heshima, kwa hiyo bodi inayoipokea haina la kukuamulia. Fomu inayokuhusu, ikiwa utafika huko, ni DD 149, inayopelekwa kwa Bodi ya Kusahihisha Kumbukumbu za Kijeshi. Kabla ya kuijaza, hata hivyo, yatenganishe mambo yako mawili, kwa maana tarehe huenda ikawa kosa, lakini jina si kosa.

DD 214 ni kumbukumbu ya jinsi ulivyokuwa siku ulipotoka jeshini. Mwaka 2018 uliitwa kwa jina la baba yako na fomu ikaandika hivyo, ikasema kweli. Bodi imekwisha kuamua maombi mengi ya namna hii, na msimamo wake wa kawaida ni kwamba jina lililobadilika baada ya utumishi haliifanyi kumbukumbu ya zamani kuwa na kasoro. Mara nyingi inachofanya ni kukataa kubadilisha fomu, kisha kuweka nakala ya uamuzi wake ndani ya jalada la askari ili atakayelisoma baadaye ajue kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Kwa maoni yangu hilo halistahili miezi ya kusubiri. Cheti chako cha ndoa kinafanya kazi hiyohiyo, na Idara ya Masuala ya Maveterani, ambayo ni taasisi nyingine kabisa isiyo chini ya jeshi, inaweza kubadilisha jina katika kumbukumbu zake yenyewe ukiionyesha cheti hicho. Hali ingekuwa tofauti kama ungeolewa ukiwa bado askari, ukapeleka cheti kwenye ofisi ya utumishi ya kikosi chako, na wao wakakiacha bila kukishughulikia.

Tarehe ndiyo yenye kazi. Kisanduku cha 5 cha DD 214 huandikwa kwa tarakimu mfululizo, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na bila shaka chako kinasomeka 19880703 badala ya 19880307. Mtu wa Nairobi au Mombasa akiandika 07/03/1988 anamaanisha Machi. Karani wa Marekani akiyaona maandishi hayohayo anasoma Julai. Nimeuona mkanganyiko huu katika majalada ya Waafrika Mashariki mara nyingi kuliko kasoro nyingine yoyote, ukiacha ile ya wakimbizi kutoka Congo na Burundi ambao walipewa tarehe 1 Januari kambini kwa sababu hawakuwa na vyeti. Lakini kujua kosa lilivyotokea hakutoshi. Lazima ujue lilitokea mikononi mwa nani, na hapa ndipo maombi mengi yanapoanguka.

Anza, basi, kwa kuomba jalada lako zima la utumishi, si DD 214 peke yake. Unaweza kuliomba mtandaoni kupitia mfumo wa milConnect, au kwa kujaza na kutia sahihi fomu ya SF 180. Litakapokuja, tafuta mkataba wa kujiandikisha, yaani DD Form 4, pamoja na DD Form 1966, ambayo ilijazwa wakati wa usajili, na nakala yoyote ya pasipoti au cheti cha kuzaliwa ulichoonyesha siku hizo. Ikiwa karatasi hizo za mwanzo zinasema Machi na Julai inajitokeza baadaye, kosa ni la jeshi na ushahidi umo ndani ya jalada lao wenyewe. Andika barua fupi kwa Kamandi ya Rasilimali Watu ya Jeshi iliyoko Fort Knox, Kentucky, ukiomba marekebisho ya kiofisi, na uambatishe nakala. Wakikubali watakutolea DD 215, ambayo ni fomu ya kusahihisha DD 214. Haifuti ile ya kwanza bali hukaa pamoja nayo, kwa hiyo tangu siku hiyo zitoe zote mbili kila unapotakiwa kuonyesha moja.

Ikiwa karatasi za mwanzo nazo zinasema Julai, tazama nyuma zaidi, kwenye viza na kumbukumbu za Hifadhi ya Jamii, kisha kwenye cheti chako cha uraia wa tajnisi. Huenda jeshi lilinakili tu lililoletewa. Kosa la karani kwenye cheti cha uraia huombewa marekebisho kwa fomu ya N-565, ila ni vigumu sana kubadilishiwa tarehe ambayo mwombaji mwenyewe aliitaja chini ya kiapo, na kwenda kwa bodi ya jeshi huku cheti chako cha uraia kinasema Julai ni kujishuhudia kinyume.

Kamandi ikikataa, hapo ndipo DD 149 inapoingia, kwa kuwa bodi hutaka kwanza uonyeshe kwamba njia nyepesi zimekwisha. Sheria inatoa miaka 3 tangu kosa lilipogunduliwa, na bodi ina uwezo wa kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Usilipuuze suala hilo. DD 214 ina sahihi yako ya mwaka 2018, na mjumbe wa bodi anaweza kusema kwamba kosa ulikuwa nalo mkononi tangu siku hiyo. Eleza wazi kwamba tarakimu hizo nane hukuzichunguza hadi ulipoomba mkopo, na uambatishe barua ya benki au ya idara yenye tarehe.

Kuhusu ushahidi, cheti cha kuzaliwa cha Kenya kilichosajiliwa karibu na kuzaliwa kwako kina uzito mkubwa. Kama kilisajiliwa ukubwani, kitie nguvu kwa cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au kumbukumbu za shule ya msingi. Kitu chochote kilichoandikwa kabla hujafikiria kwenda Marekani. Hati ya kiapo ya mzazi inasaidia, lakini haisimami peke yake. Tuma nakala, asili zibaki kwako.

Ombi kwa bodi halina ada, na mashirika ya askari wa zamani kama American Legion na DAV husaidia kuliandaa bila malipo, kwa hiyo anayekutaka fedha nyingi kwa kujaza DD 149 ya tarehe moja huna haja naye. Sheria inaitaka bodi imalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na hakuna linalopaswa kupita miezi 18. Mkopo wako usiufungamanishe na ratiba hiyo: endelea na maombi yake sasa, ukiambatisha DD 214 kama ilivyo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza tofauti zote mbili.