Kabla hujarusha roketi, waulize wavuvi

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Musoma aliniandikia: "Habari kaka, nimeona picha ya roketi yako. Na mimi nataka kurusha ya kwangu, nianzie wapi?" Nikamjibu mistari mitatu ya kishujaa, nikalala. Asubuhi nikajiona nimemdanganya. Ile picha aliyoiona, roketi imesimama wima katikati ya majaruba na mimi pembeni nimeshika kiuno, ilipigwa dakika kumi kabla ya aibu. Picha za baada ya hapo hazijatoka kwenye simu yangu.

Basi mdogo wangu, jibu lako hili hapa, na wengine wenye ndoto kama yako wasome.

Roketi yenyewe ilikuja kama seti ya kuunganisha, kwenye sanduku la dada yangu aliyetoka Marekani: bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, mapezi ya mbao nyembamba. Injini haikuwemo. Nilimlaumu dada mbele ya watu, kumbe ndege za abiria haziruhusu injini za roketi, si mkononi wala kwenye mizigo ya chini. Dada, kama unasoma, samahani tena.

Habari ya vibali nairuka. Ilikula mwaka mzima na jozi moja ya viatu. Ofisi moja walinicheka mpaka mhudumu wa chai akaja kuchungulia, na kicheko kile bado ninacho kifuani. Ninachokuambia ni hiki: ndani ya injini hizi mna baruti, zinasafirishwa kama mzigo wa hatari, kwa hiyo usiagize hata moja kabla hujapewa ruhusa kwa maandishi. Ruhusa ya anga nayo ni kitu kingine. Usije ukafikiria kurushia Igombe, hapa Mwanza, kwa sababu kuna nafasi, uwanja wa ndege uko palepale.

Na usijaribu kupika baruti yako mwenyewe. Mwaka 1954 muuza viatu mmoja wa Nebraska, Marekani, Orville Carlisle, akiwa na nduguye Robert, alibuni roketi ndogo yenye injini ya kubadilisha. Wakati ule vijana wa kwao walikuwa wanashindilia unga kwenye mabomba ya chuma na kupoteza vidole. Hesabu vidole vyako sasa hivi, kisha nunua injini ya kiwandani.

Kwenye injini soma herufi na namba. Yangu iliandikwa F67-6. Herufi ni jumla ya msukumo kwa muda wote injini inawaka, na kila herufi inayofuata ni mara mbili ya iliyotangulia. F inaishia nyutoni-sekunde 80 (nyutoni ni kipimo cha nguvu), G inafika 160. 67 ni msukumo wa wastani kwa nyutoni. Ile 6 ni sekunde ambazo roketi inaendelea kupanda kimyakimya baada ya moto kwisha, ndipo kibaruti kidogo kinalipuka na kusukuma parachuti nje. Msukumo uwe angalau mara tano ya uzito. Roketi yangu ilikuwa gramu 900, yaani kama nyutoni 9, kwa hiyo nilikuwa salama, na nilijivuna sana kwa hesabu hiyo.

Kuunganisha kulinichukua miezi miwili ya usiku. Gundi iwe epoksi ya dakika 30. Ile ya dakika tano inakauka pezi likiwa bado limepinda, na pezi lililopinda ni usukani uliopinda. Halafu tafuta mahali roketi inapokaa sawa ukiining'iniza kwa uzi, injini ikiwa ndani. Mahali hapo pawe karibu na pua kuliko pale upepo unapoisukumia, kwa umbali usiopungua kipenyo cha bomba. Ukishindwa kukokotoa, funga uzi palepale uizungushe kichwani kama kombeo. Ikienda pua mbele, twende. Yangu ilienda mkia mbele. Nikatia washa nne za chuma kwenye pua, ikanyooka.

Fimbo ya kurushia ni nondo ya milimita 6, ile laini isiyo na mikwaruzo. Mara nyingi wanaiuza ikiwa imekunjwa, kwa hiyo iangalie kwa jicho moja kama fundi mbao kabla hujalipa. Sahani ya kuzuia moto nilichongewa Makoroboi, mtaa uliopata jina kwa taa za koroboi, na yule mzee hakuniuliza hata swali moja. Betri ni ya pikipiki, volti 12. Waya uwe mrefu, ili wewe usimame mita 9 au zaidi kutoka kwenye roketi. Ukibonyeza isiwake, subiri dakika nzima kabla ya kusogea. Mpwa wangu alitaka kukimbilia pale baada ya sekunde tano. Nilimshika shati likachanika. Kwa kweli ningelichana mara ya pili.

Sasa parachuti. Seti ilikuja na ya plastiki, ndogo, mbaya kwa macho. Mimi nikaona aibu kurusha kitu cha Mwanza na mwavuli wa aina hiyo. Nikampelekea fundi cherehani kitambaa cha mwamvuli, bluu na nyeupe, akashona kubwa karibu mara mbili. Watu wakaisifu. Hapo ndipo nilipoharibu.

Tulikwenda upande wa Magu, majaruba yaliyokwisha kuvunwa, Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria ikiwa kama mita 150 kutoka tulipochimbia fimbo. Tulimwaga maji kwenye nyasi kuzunguka fimbo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu yangu ikasema upepo ni mdogo. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanarudi na taa zao. Mmoja akasimama kututazama. Sikumsalimu vizuri. Nilikuwa na roketi, yeye alikuwa na ndoo.

Ikapanda, jamani. Sauti kama shuka kubwa linachanwa, kisha alama ya moshi, kisha kimya. Kwa hesabu zangu ilikaribia mita 180. Parachuti ikafunguka, bluu na nyeupe, mpwa akapiga magoti. Kisha ikaanza kutembea kuelekea ziwani.

Mwanza yote inajua, isipokuwa mimi siku ile: usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, hivyo alfajiri upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, na mchana unageuka. Parachuti ya kiwandani ingeshuka kama mita 5 kwa sekunde, sekunde 36 tu hewani. Ya kwangu ya fahari ilishuka mita 3. Dakika nzima. Kwa upepo wa mita 4 kwa sekunde, hiyo ni mita 240. Toa 150 uone roketi yangu ililala wapi.

Vijana wengi mnaponiuliza, mnauliza kupanda tu. Injini gani, kimo gani, video ipigwe upande gani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kuhusu kushuka. Mnataka kuhesabiwa kurudi nyuma, kumi, tisa, nane, lakini mtu wa kuwaambia upepo unaelekea wapi mnampita barabarani. Nasema hivi kwa sababu nilimpita. Tuna historia ya kujivunia huku kwetu: Desemba 12, 1970, satelaiti iliyoitwa Uhuru iliondoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya. Jukwaa liliwekwa majini makusudi, roketi ipite juu ya bahari wazi na mabaki yasimwangukie mtu. Kabla ya kuwasha, walishajua yataanguka wapi.

Yule mvuvi aligeuza mtumbwi bila kuombwa. Alirudi na roketi imejaa magugu maji, bomba limelainika kama ugali wa jana, pua ikiwa nzima. "Mwangaluka," akasema, ndipo nikakumbuka sikuwa nimemwamkia. Alitaka elfu kumi, nikampa ishirini. Akachungulia ndani ya bomba.

"Humu mlikuwa na nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Hewa."

Akacheka, lakini si kama wale wa ofisini. Akaniambia nije saa nne, upepo wa alfajiri ukishachoka na wa mchana haujaamka. Nimeshanunua bomba jipya. Parachuti ya bluu na nyeupe nimempa mke wangu, anafunikia dagaa juani.