Muulize Fundi: Prado niivalishe tairi kubwa au niiache ilivyo?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Tanga mjini, Chumbageni, nina Prado ile ya 120 ya petroli, injini 2.7, inavaa 265/65R17. Kila wiki napanda Amani kuchukua hiliki na pilipili manga kwa wakulima nashusha Muheza. Masika iliyopita niliteseka sana, gari inaserereka yenyewe inaingia mtaroni, mpaka vijana wa kule wakinisikia nakuja wanaandaa majembe kabisa. Sasa kuna jamaa ananiuzia tairi nne za meno makubwa, 285/70R17, anasema nikizivaa sikwami tena na gari itakaa kibabe. Fundi wangu wa Ngamiani anasema zinaingia bila kukata kitu. Mama watoto anasema hela hiyo ni ya bati. Nifanyeje?
Msomaji, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama watoto namuunga mkono, ila sio kwa sababu ya bati.

Barua yako imejijibu yenyewe pale uliposema gari inaserereka inaingia mtaroni. Mana watu wanasema tu "nimekwama" kumbe kukwama kuna aina zake. Kuna kukwama kwa tumbo, yaani magari makubwa yamechimba njia pande mbili, katikati limebaki tuta, wewe ukiingia difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, inakaa juu ya tuta na tairi zinazunguka bure. Hapo kweli tairi kubwa inasaidia, tena ndo kitu pekee kinachonyanyua difu ya nyuma yenyewe, mana ukiweka springi ndefu unanyanyua bodi tu, difu inabaki palepale. Alafu kuna kukwama kwa utelezi, tairi haishiki, gari inakwenda inakotaka yenyewe. Wewe shida yako ni hii ya pili, na hii haitibiwi na ukubwa, inatibiwa na meno na upepo.

Tupige hesabu kidogo usichoke. 265/65R17 mana ake upana milimita 265, ukuta wa tairi asilimia 65 ya huo upana, rimu inchi 17. Ukijumlisha ukuta wa juu na wa chini na rimu unapata kimo cha tairi kama milimita 776. Hiyo 285/70R17 inatoka milimita 831 hivi, ndo wanayoiita 33 mana inakaribia inchi 33. Tofauti ni milimita 55, lakini difu haipandi 55, inapanda nusu yake tu, mana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwahiyo kwa hela yote hiyo umenunua milimita 27, inchi moja na kidogo. Kama tuta la Amani limekuzidi kwa inchi nne bado utaita vijana na majembe yao.

Sasa angalia udongo wenyewe. Ule wa milimani Usambara ni mwekundu, mzito, na Amani mvua ni karibu milimita 2000 kwa mwaka, yaani kukauka vizuri ni bahati. Naweka dau tairi ulizonazo ni za lami, zile zenye mistari myembamba inayozunguka. Siku ya mvua simama ukishapanda kidogo, shuka, chuchumaa uangalie tairi la mbele. Utakuta mistari yote imeziba, udongo umejaa mpaka usawa wa mpira, huoni jino hata moja, tairi limekuwa kama limepigwa plasta. Hapo hata ulivae la inchi 40 ni plasta tu inazunguka. Tairi la ol tereni (all-terrain, la lami na tope) lina nafasi pana kati ya jino na jino, likizunguka linautema ule udongo na jino linarudi kazini, na mabegani pia lina meno ya kung'ang'ania ukuta wa mtaro. Hiyo ndo unayohitaji, na inapatikana kwa saizi yako hiyohiyo.

Halafu kuna hili la upana. Umeshawahi kuona Land Cruiser mkonga, zile za miradi na za hospitali, zinavaa tairi gani? Nyingi ni 7.50R16, nyembamba, upana kama inchi saba na nusu hivi, na zinapita kila mahali. Kwenye tope lenye ardhi ngumu chini yake tairi jembamba linakata tope linaenda kukanyaga chini, tairi pana linaelea juu na kuelea kwenye utelezi ndo kuserereka kwenyewe. Pana raha yake ni mchangani. Ungekuwa unashinda fukwe za Ushongo huko ningekusikiliza, ila hata mchangani bado kushusha upepo kunafanya kazi kubwa kuliko kununua tairi.

Na kwa kweli Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902 hawakuwa na 33, lakini hilo tuliache.

Sasa gharama ambazo muuzaji hakutajii. Injini yako ni 2.7 ya petroli, haina nguvu za kutupa. Tairi kubwa ni sawa na kubadilisha gia zote ziwe ndefu kwa asilimia saba, yaani kule mlimani ambako ulikuwa unapanda na gia ya pili sasa inakohoa unarudi ya kwanza, na ukiwa na magunia ndo kabisa. Tairi lenyewe la aina hiyo linaweza kuzidi lako kwa kilo saba nane kwa kila gurudumu, uzito ambao boli jointi, tai rodi, bushi na shokapu zitaubeba kila shimo, na breki lazima ziusimamishe. Kupanda Amani watu wanakuogopea, mimi nakuogopea kushuka. Zile kona na mzigo nyuma, pedi zinachemka, unataka gari isimame pale ulipozoea inasimama mbele zaidi. Na spea je? Umesema nne. Prado hiyo muda wote inazungusha magurudumu manne kupitia difu ya katikati, sio gari ya kuvaa spea yenye kimo tofauti ukaendesha nayo kutoka Amani mpaka Tanga, unaichemsha difu. Kwahiyo unanunua tano, na ya tano inaning'inia mlango wa nyuma ambao bawaba zake zina miaka karibu ishirini.

Spidi mita nayo itakudanganya. Ikisoma 80 unakwenda kama 85 na nusu, ikisoma 50 unakaribia 53 na nusu, na vijana wa tochi hawana habari na saizi ya tairi lako, unaandikiwa tu. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, gari ikisema umetembea 100 kumbe ni 107, ndo mana watu wengi wakivaa tairi kubwa wanalalamika mafuta yameongezeka mno, kweli yameongezeka ila sehemu ya ongezeko ni hesabu ya dashibodi. Hata oili, ukibadili kila kilomita 5000 za dashibodi sasa ni 5350 ya barabarani.

Kuhusu fundi wako kusema zinaingia bila kukata kitu, simkatalii, zinaingia. Gari ikiwa imesimama gereji, tairi limenyooka, hakuna mzigo, hata mimi ningesema hivyo. Mwambie muuzaji akupe moja tu mjaribu kabla hela haijatoka mfukoni. Lifungeni mbele kulia, gurudumu hilohilo lipandisheni juu ya jiwe au tofali kadhaa ili springi ibonyee, kata stelingi mpaka mwisho kushoto, alafu mpaka mwisho kulia, alafu rudisheni nyuma taratibu stelingi ikiwa imekatwa. Chukua tochi chungulia nyuma ya tairi kwenye ile plastiki ya ndani ya fenda na pale bodi inapofungwa kwenye chesesi. Ukiona alama inayong'aa au mpira umeacha weusi, hapo ndo patasuguliwa kila ukigeuza gari kwenye njia nyembamba, na hiyo ni bila tope kujaa ndani. Baada ya hapo fundi ataanza kusema tukate kidogo plastiki, tugonge kidogo ule ukingo wa bati, tuweke na springi za juu, tufanye alaimenti upya... Ndo mwanzo wa safari. Na kama una bima kubwa waambie kabla, sio siku ya ajali ndo wagundue gari imebadilishwa.

Kwahiyo jibu langu: hizo 33 ziache. Ulizonazo zikiisha nunua 265/70R17 za ol tereni, tano, mpya. Hiyo ina kimo cha milimita 803 hivi, imeongezeka asilimia tatu na nusu tu, Prado yako kwa kawaida inaimeza bila kukata kitu ila ule mtihani wa jiwe ufanye tu, spidi mita inapotoka kidogo ambapo huwezi hata kujua, na difu inapanda milimita 13. Ndogo, najua. Ila nilishasema tatizo lako sio difu. Kama unataka kubana zaidi chukua 265/65R17 ileile yenye meno ya ol tereni, asilimia kubwa ya faida unayo hapo. Mad tereni (mud-terrain, za tope), zile za meno ya kutisha, sikushauri, mana wewe lami ya Muheza mpaka Tanga unaitembea kila wiki, zinapiga kelele, zinaisha haraka, na lami ikilowa hazishiki vizuri.

Na kesho asubuhi kabla hujanunua chochote, tafuta geji ya upepo ya kwako na pampu ya kuchomeka kwenye betri. Ukifika pale lami inapoisha shusha upepo, ukianza na pungufu kama PSI 6 au 7 (PSI ndo kipimo cha upepo) ya kile kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva, panda taratibu, ukirudi kwenye lami jaza kabla hujakimbia. Ukiwa na gunia nyingi usishushe sana. Mchangani ndo unaweza kwenda mpaka PSI 18, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa, na usikate kona kwa ghafla tairi lisije likavuka rimu. Kijana wa kujaza upepo pale mtaani akikuambia "nimekuwekea 40 mzee itakaa muda mrefu" mshukuru alafu punguza.

SWALI: Fundi mambo vipi. Nina RAV4 Kilitime, niko Pangani. Nataka niinue kwa spesa za inchi mbili juu ya springi ndo niweke tairi kubwa. Kuna ubaya?
Kijana wa Bweni

JIBU: Poa. Ubaya upo, na uko kwenye sivi jointi, vile vifundo vya shafti zinazozungusha magurudumu. Ukinyanyua bodi inchi mbili shafti zinakaa kwa kuinama, buti zake, ile mipira inayozifunika, zinajikunja vibaya zinachanika, grisi inatoka mchanga unaingia, na Pangani mchanga hauna likizo. Baada ya muda utasikia ka ka ka ukikata kona. RAV4 haina hata gia ya chini ya milima, kwahiyo tairi kubwa inaionea. Weka tairi saizi yake zenye meno mazuri, badili shokapu kama zimelegea, utashangaa imepanda yenyewe.

SWALI: Habari ya kazi fundi. Nina Harrier ya zamani. Tairi za nyuma ziliisha, dukani wakawa hawana saizi, wakaniwekea mbili kubwa kidogo, wakasema nyuma haina shida. Sasa ikitembea mbali nasikia mvumo chini na harufu. Ni tairi au nini?
Dada wa Lushoto

JIBU: Dada yangu, hiyo Harrier kama ni fo wili acha kuitembeza umbali leo. Tairi za nyuma zina kimo kingine, kwahiyo mbele na nyuma hazizunguki sawa hata ukiwa umenyoosha barabara, na difu ya katikati inalazimika kulipia hiyo tofauti kila mita kuanzia Lushoto mpaka Mombo. Hiyo harufu huenda ni oili inachemka. Rudi dukani wakupe saizi moja nne, na difu ifunguliwe oili iangaliwe, ikitoka nyeusi au ina vumbi la chuma inang'aang'aa uniandikie tena. Kama ni ya kuvuta mbele tu basi mvumo huo huenda ni beringi ya gurudumu au tairi lenyewe, ila saizi moja bado inakuhusu.

SWALI: Fundi, nimepata tairi za mtumba za Prado, saizi kubwa, meno yote yapo kama mpya, bei ya kutupwa. Nichukue?
Mzee wa Korogwe

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Meno sio umri. Tafuta ubavuni neno DOT, fuata herufi zake mpaka mwisho, kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwahiyo 0813 ni wiki ya nane ya 2013. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo, na kwa joto letu ndo unakauka haraka, meno yanabaki lakini unapasuka ukiwa kwenye mwendo na familia ndani. Likizidi miaka sita mimi sinunui hata kwa bei ya kutupwa. Pinda ule ubavu kwa vidole, ukiona nyufa ndogondogo kama nywele kwenye mizizi ya meno, acha. Na hizo namba nne mara nyingi zipo upande mmoja tu wa tairi, kwahiyo kama limeshafungwa kwenye gari na namba zimetazama ndani, mwambie alitoe ulione. Akikataa kulitoa nenda duka lingine.