Ukitaka kujua kama mchango wa mwendelezaji milki ulimgusa diwani, anzia kwenye faili la kiwanja

Mleta uzi ameuliza hivi: baraza la jiji limeruhusu jengo la ghorofa 20 mahali ambapo mpango wa eneo unaruhusu 8, na mwenye mradi (mwendelezaji milki, yaani anayejenga majengo ili auze au apangishe) alichangia kampeni ya mwenyekiti wa kamati ya mipango miji. Atajuaje kama pesa ndiyo iliyoamua? Waliotangulia kujibu wamemwambia apakue orodha ya wachangiaji atafute jina la kampuni. Kwa heshima zote, wakuu, huko ndiko wengi wanakopotelea. Orodha ina majina mamia, na jina unalolitafuta kwa kawaida halimo. Anza na uamuzi wenyewe, mjue nani alikuwa na hiari ya kusema ndiyo au hapana, kisha ndipo urudi nyuma kutafuta pesa.

Hesabu kwanza, maana bila hiyo mtu haelewi kwa nini mchango mdogo ni jambo kubwa. Chukua kiwanja cha mita za mraba 2,000. Uwiano wa ujenzi, yaani jumla ya sakafu zote za jengo ikigawanywa kwa ukubwa wa kiwanja, ukiwa 3, mwenyewe anaruhusiwa kujenga mita za mraba 6,000 za sakafu. Baraza likipandisha uwiano hadi 6, amepata mita 6,000 nyingine bila kuongeza hata hatua moja ya ardhi. Tuseme kila mita ya sakafu inayoruhusiwa inaongeza dola 500 kwenye thamani ya kiwanja. Kura ya jioni moja imempa dola milioni 3, na mchango wa dola 5,000 umerudi mara 600. Mwenye kiwanda cha sabuni hana kikao cha watu kumi na mmoja kinachoweza kumfanyia hivyo, ndiyo maana kwenye siasa za jiji wenye viwanja huchangia kwa bidii kuliko wafanyabiashara wengine. Na mara nyingi pesa hiyo hainunui kura. Inanunua simu kupokelewa mapema, wakati maombi hayajapewa hata namba na michoro bado inaweza kurekebishwa kwa mazungumzo. Wakazi wakija kusikilizwa, mambo makubwa yameshakubaliwa.

Sasa faili. Ukiwa na namba ya maombi na namba ya kiwanja, kusanya vitu vinne: fomu ya maombi pamoja na michoro ya kwanza, taarifa ya wataalamu wa mipango miji kwa kamati, muhtasari wa kikao cha kamati, na muhtasari wa baraza zima. Weka michoro ya kwanza kando ya ile iliyopitishwa. Kilichobadilika katikati ndicho kilichopiganiwa: ghorofa zilizoongezwa, maegesho yaliyopunguzwa, asilimia ya nyumba za bei nafuu iliyoshushwa, tozo ya miundombinu iliyosamehewa. Kila badiliko liandikie tarehe na jina la aliyetoa hoja. Hoja ya marekebisho iliyoletwa mezani siku ya kikao, isiyokuwemo kwenye makabrasha yaliyosambazwa kabla, iwekee alama nyekundu. Wataalamu wakishauri kukataa na kamati ikakubali, tafuta sababu zilizoandikwa. Zikiwa hazipo, au ni sentensi moja kama "mradi una manufaa kwa jiji", hapo ndipo pa kuchimba.

Mradi wa Sea Breeze wa Los Angeles, Marekani, unaonyesha jambo hili kwa karibu. Ulikuwa wa nyumba 352 kwenye ardhi iliyotengwa kwa viwanda. Tume ya mipango ya jiji iliukataa, baraza likaupitisha 2015. Mwaka 2016 gazeti la Los Angeles Times lilichapisha uchunguzi: watu zaidi ya 100 wenye uhusiano wa karibu au wa mbali na mwendelezaji walikuwa wametoa zaidi ya dola 600,000 kwa wanasiasa wa huko, na baadhi yao walipoulizwa walikana kwamba waliwahi kuchangia. Mwendelezaji akafunguliwa mashtaka 2018. Aliyetafuta jina la kampuni tu kwenye orodha asingeona mengi. Ila kukataliwa na tume kisha kukubaliwa na baraza, hilo lilikuwa wazi kwa yeyote aliyefungua faili.

Hatua inayofuata ni wavu wa majina, yaani orodha ya watu na kampuni zote zinazohusika na mradi, na hapa usiwe na haraka. Mwendelezaji mwenye uzoefu hufungua kampuni moja kwa kila jengo, hivyo jina lililo kwenye maombi halifanani na jina linalojulikana mtaani. Katika jimbo la New York mwanya huu ulikuwa halali kwa miaka mingi: kila kampuni ya dhima yenye ukomo (LLC) ilihesabiwa kama mtu mmoja mwenye kiwango chake cha mchango, kwa hiyo mwenye majengo 30 aliweza kuchangia kama watu 30. Sheria ya 2019 ndiyo iliyoweka kikomo cha dola 5,000 kwa kampuni na kuhesabu mchango kwa wamiliki wake. Kwa kila kampuni inayotajwa kwenye faili, nenda kwenye daftari la makampuni utoe wakurugenzi wa sasa na wa zamani, katibu, anwani iliyosajiliwa na wamiliki manufaa, yaani watu wanaonufaika hasa na kampuni, kama majina yao yanatangazwa. Usiishie kwa mwombaji. Ongeza mwenye ardhi wa awali, msanifu majengo, wakili wa ardhi, mshauri wa mipango, mhandisi wa barabara na mkandarasi. Hao hulipwa mradi ukipita, na mara nyingi ndio wanaochangia. Anwani ina nguvu kuliko jina. Jina huandikwa kwa namna nne tofauti, lakini ofisi ya ghorofa ya tatu inabaki ileile.

Ukishakuwa na wavu ndipo ufungue orodha ya michango. Chukua miezi 24 kabla ya uamuzi na 12 baada yake. Watu husahau ile 12, na humo ndimo hafla za "kulipa deni la kampeni" hufanyika, kura ikiwa imeshapigwa. Weka kila mchango kwenye mstari wake: tarehe, jina, anwani, kazi, mwajiri, kiasi, aliyepokea, na kama ulirudishwa. Panga kwa tarehe kwanza. Michango tisa ya siku moja, yote ya kiwango cha juu kinachoruhusiwa, ni hafla ya kuchangisha, na hafla ina mwenyeji. Mtafute mwenyeji huyo, kwa sababu aliyekusanya dola 20,000 kutoka kwa wengine ana uzito kuliko aliyetoa 500 zake mwenyewe. Halafu panga kwa anwani uone mume, mke na watoto wazima wa nyumba moja. Mwisho panga kwa kazi. Mpokea wageni au fundi bomba anayetoa kiwango cha juu kwa diwani wa upande mwingine wa jiji, na hajawahi kuchangia mtu mwingine, huenda ni mchangiaji kivuli: pesa ni ya tajiri wake, jina ndilo lake. Tume ya Charbonneau, iliyochunguza rushwa kwenye sekta ya ujenzi katika jimbo la Quebec, Kanada, kati ya 2011 na 2015, ilisikia mashahidi wakieleza jinsi makampuni yalivyowarudishia wafanyakazi wao pesa walizochangia. Vikomo vya chini havizuii hilo. Vinaongeza tu idadi ya majina yanayohitajika.

Kinachokwamisha kazi hii mara nyingi ni tarehe. Miji mingi hutangaza michango baada ya uchaguzi, au mara mbili kwa mwaka, hivyo kura inaweza kupita kabla mchango haujaonekana popote. Ukiwa unafuatilia mradi ambao haujaamuliwa, hifadhi nakala ya kila taarifa siku inapotoka. Taarifa husahihishwa baadaye, na tofauti kati ya ya kwanza na iliyosahihishwa inasema mengi.

Kisha kuna pesa isiyoingia kwenye orodha kabisa, na hii ndiyo nzito. José Huizar alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mipango na matumizi ya ardhi ya baraza la Los Angeles, maana yake kila mradi mkubwa ulipita mikononi mwake. Maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipopekua nyumbani kwake Novemba 2018 walikuta fedha taslimu takriban dola 129,000. Pamoja na hongo ya taslimu, kesi yake ilihusu pia michango iliyoelekezwa kwenye kamati ya kisiasa iliyoandaliwa kumsaidia mke wake kurithi kiti. Huizar alikiri makosa 2023 na 2024 akahukumiwa miaka 13. Chicago, Edward Burke aliyekaa barazani zaidi ya miaka 50 alikuwa na ofisi ya uwakili ya kupinga makadirio ya kodi za majengo. Mahakama ilimtia hatiani Desemba 2023 kwa kutumia cheo chake kuwabana waliohitaji vibali ili waipe ofisi yake kazi. Kwa hiyo angalia pia ajira ya ndugu, ofisi ya mshirika wa kibiashara, kiwanja kilichouzwa kwa shemeji, matangazo ya kundi "huru" la kampeni (linalomuunga mkono mgombea bila kuwa chini yake kisheria), na taasisi isiyo ya faida iliyo karibu na meya. Meya Bill de Blasio wa New York alikuwa na taasisi ya namna hiyo, Campaign for One New York, iliyopokea mamilioni bila vikomo vya kampeni. Waendesha mashtaka walichunguza, na 2017 wakatangaza kwamba hawatamshtaki. Sheria haikuwa imevunjwa kwa kiwango cha kumfikisha mtu mahakamani, lakini jiji lilishaona tatizo na 2016 likaweka kikomo cha dola 400 kwa wenye biashara na jiji wanaochangia taasisi kama hizo.

Sasa kosa linaloharibu hoja nyingi nzuri. Mtu anaandika, "Wachangiaji 12 waliomba, 11 wakapata." Inatisha, mpaka ujue kwamba wasiochangia walikuwa 96 na 88 wakapata. Asilimia ni ileile, na hoja imekufa. Usihesabu ushindi wote; hesabu kesi ambazo wataalamu walishauri kukataa. Tuseme kati ya wachangiaji 12, sita walishauriwa kukataliwa na watano wakapita. Kati ya wasiochangia 96, kumi walishauriwa kukataliwa na wawili tu wakapita. Watano kwa sita dhidi ya wawili kwa kumi: hiyo ni hoja inayosimama, na hata hapo inaonyesha uhusiano, haithibitishi hongo. Lazima pia uangalie kama diwani huyo amekuwa akipigia kura ujenzi mwingi tangu zamani. Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba jiji linahitaji nyumba zaidi, wakachangiwa kwa sababu ya msimamo huo. Msimamo ulitangulia, pesa ikafuata. Kumsingizia mtu wa aina hiyo ni dhuluma.

Mwanajukwaa mmoja hapo juu amesema suluhisho ni kupiga marufuku tu michango ya waendelezaji. New South Wales, Australia, walifanya hivyo tangu mwisho wa 2009: mwendelezaji milki haruhusiwi kuchangia, na marufuku inawagusa wakurugenzi na wenzi wao wa ndoa. Meya wa zamani wa Newcastle, Jeff McCloy, aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ya Australia ikaikubali sheria hiyo 2015, ikizingatia historia ya jimbo: tangu 1990 kulikuwa na taarifa nane za uchunguzi zilizokuta uchafu kwenye maamuzi ya ardhi. Jiji la New York lilichagua njia nyingine. Wakuu wa makampuni yenye maombi ya ardhi huingizwa kwenye kanzidata ya wanaofanya biashara na jiji, nao hawawezi kumpa mgombea umeya zaidi ya dola 400 wala mgombea udiwani zaidi ya 250. Mimi naona kanzidata inayoweza kupekuliwa na yeyote inamsaidia mkazi kuliko marufuku isiyo na wa kuikagua. Ila zote mbili zinaacha tundu lilelile: pesa inahamia kwa makundi ya matangazo na kwa mawakili. Linalopunguza tatizo zaidi ni kupunguza hiari yenyewe. Kama kanuni inasema ghorofa 12 kwa kila anayetimiza masharti, hakuna wa kumbembeleza kwenye kiwanja kimojakimoja. Ushawishi utahamia kwenye uandishi wa kanuni, kweli, lakini huko unafanyika mara moja kwa miaka kadhaa na mbele ya watu wengi.

Mleta uzi, ukifika kwenye kuandika barua, usitumie neno rushwa. Ukilitumia bila ushahidi wa makubaliano utajibiwa na wakili, na jambo la msingi litasahaulika. Andika mambo matatu kwa tarehe: wataalamu walishauri hivi, kamati ikaamua vile bila kuandika sababu, na mwenyekiti alikuwa amepokea kiasi hiki kutoka kwa watu hawa. Kisha uliza maswali yanayodai jibu la maandishi: je, maslahi yalitangazwa kwenye kikao, na kwenye ukurasa gani wa muhtasari? Je, mwenyekiti alitoka chumbani wakati wa mjadala? Nani aliandaa hoja ya marekebisho, na ilimfikia katibu wa kamati lini? Omba pia kalenda ya mikutano ya mwenyekiti kwa ile miezi ya kabla ya maombi kuwasilishwa, kwa sababu tarehe za kalenda ukiziweka kando ya tarehe za michango ndipo picha hukamilika.

Na angalia saa. Muda wa kupinga uamuzi wa ujenzi mahakamani ni mfupi kuliko watu wanavyodhani; Uingereza, kwa mfano, ni wiki sita tu. Uchunguzi wa michango unaweza kuchukua miezi. Peleka pingamizi la utaratibu kwanza, lile la sababu kutoandikwa na maslahi kutotangazwa, halafu kazi ya pesa iendelee nyuma yake.